Umeme Unaobaki Ndani ya Amplifaya ya Gitaa

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: amplifaya, valvu, kapasita, fyuzi. Kila mmoja ayasome kwa sauti mara mbili. Haya, sasa tuanze.

Bila shaka mmekwisha kusikia bendi ya dansi ikipiga. Gitaa la umeme likipigwa peke yake halisikiki mbali. Chini ya nyuzi zake za chuma mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi unapotikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana hutokea katika waya ule. Umeme huo hauwezi kusukuma spika. Hapana budi uongezwe nguvu kwanza, na chombo kinachoongeza nguvu hiyo ndicho amplifaya.

Mtu anayeanza kujifunza kazi hii yafaa aanze na amplifaya ndogo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Fender ya California, Marekani, ilitengeneza amplifaya ndogo iitwayo Champ. Mpaka leo wanafunzi wengi huiga ramani yake, kwa kuwa vyombo vyake ni vichache na valvu zake ni tatu tu. Valvu ya kwanza hupokea umeme wa gitaa na kuukuza. Ya pili huupa nguvu ya kusukuma spika. Ya tatu ina kazi nyingine: umeme wa ukutani huenda mbele na kurudi nyuma, nayo huufanya uende upande mmoja tu. Kuiga ramani si aibu. Hata Jim Marshall na mafundi wake wa London, walipoanza kazi mwaka 1962, waliiga amplifaya nyingine ya Fender iitwayo Bassman.

Sasa sikilizeni kwa makini. Valvu hutaka umeme mkali. Ndani ya amplifaya ndogo kama Champ, umeme huzidi volti 300. Nguvu hiyo yaweza kusimamisha moyo wa mtu. Tena umeme huo hauondoki wote mara tu unapozima swichi.

Kwa nini? Kwa sababu ya kapasita. Fikiri habari za mtungi. Ukiujaza maji, kisha ukafunga bomba, maji hubaki mtungini mpaka uyamwage. Kapasita huweka umeme vivyo hivyo. Unaweza kuchomoa plagi, ukaenda kula, ukarudi, na umeme ungali unakungoja.

Basi, kabla ya kutia mkono ndani, fuata mambo haya kwa taratibu.

Kwanza, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Pili, mwaga umeme wa kapasita. Chukua rezista ya omu 10,000 na wati 5, iliyoungwa kwa waya mbili zenye vibanio vilivyofunikwa mpira. Bana waya mmoja kwenye kiunzi cha chuma cha amplifaya. Waya wa pili uguse upande wa kapasita wenye alama ya kujumlisha, kisha hesabu mpaka kumi. Fanya hivyo kwa kila kapasita kubwa. Mkono wako mmoja uwe nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Usitumie bisibisi badala ya rezista, maana itatoa cheche kali na kuharibu vyombo.

Tatu, pima kwa mita. Usiguse kitu mpaka mita ionyeshe karibu na sifuri.

Lakini mara nyingi haina haja kufungua sanduku. Amplifaya ikinyamaza, jaribu kwanza waya mwingine wa gitaa. Kisha tazama plagi, waya wa spika na fyuzi. Fyuzi ikiwa imekatika, weka nyingine ya kipimo kile kile. Wako watu wanaoizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hiyo ni hatari kubwa. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Ikikatika tena, kuna ubaya ndani, mpelekee fundi.

Kumbuka na haya mawili. Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika, maana transfoma yake yaweza kuungua. Tena soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka plagi. Amplifaya iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani hutaka volti 120, na umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukiichomeka hivi hivi itaungua.

Hapo mwaona faida ya kujua kusoma. Tarakimu ndogo nyuma ya sanduku yaweza kuokoa chombo chako, na alama ndogo juu ya kapasita yaweza kuokoa roho yako. Mara ya kwanza usifanye kazi hii peke yako. Keti na fundi, umtazame, naye akutazame.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kapasita hufanana na mtungi kwa jambo gani?
2. Kwa nini mkono mmoja huwekwa nyuma ya mgongo?
3. Fyuzi ikikatika mara mbili, utafanya nini?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.