Mchoraji, Chumba Chake na Safari Zake

Tangu nilipokamilisha chumba cha kuchoria nyuma ya nyumba yangu, hapa Unguja, rafiki zangu wengi, na baadhi yao ni wachoraji wenzangu, wamekuwa wakinipa pongezi zinazofuatwa na nasaha moja: kwamba maadamu nimepata mahali pangu, sasa nitulie, niache kuzunguka kutoka bandari hadi bandari na kutoka makumbusho hadi makumbusho. Nasaha hiyo imetoka katika mapenzi, nami naipokea kwa shukrani. Lakini imesimama juu ya dhana nisiyoweza kuikubali, ya kuwa studio na safari zinagombea siku za mtu mmoja kama wake wenza. Mimi naona kwamba safari ni sehemu ya kazi ya studio.

Nianze na chumba chenyewe, kwa kuwa anayejenga studio akikosea dirisha atajuta kila siku. Vitabu vya Ulaya, ambavyo ndivyo tulivyosomea wengi wetu, huamrisha dirisha lielekee kaskazini, na amri hiyo ni ya haki kwa watu wa Paris na London, maana huko wakati wa adhuhuri jua huwa upande wa kusini mwaka mzima, na nuru ya kaskazini huwa ya anga tu, tulivu, isiyohamahama juu ya turubai. Lakini Unguja iko takriban digrii 6 kusini mwa Ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika siku za kwanza za Oktoba; baina ya miezi hiyo adhuhuri hulikuta kaskazini, na muda uliobaki hulikuta kusini. Atakayefuata kitabu bila ya kupima, jua la Juni litamwingilia mpaka kwenye uso wa picha yake. Tena jua la kaskazini ndilo linaloinama zaidi: katika Juni huwa mbali na utosi kwa kiasi cha digrii 30, ilhali lile la kusini, hata Desemba, halizidi digrii 17 hivi. Kwa sababu hiyo nililifungua dirisha langu kusini, nikalitilia upenu wa mita 1, ambao adhuhuri ya Desemba hutia kivuli ukutani zaidi ya mita 3 kwenda chini. Asubuhi na alasiri za miezi ya jua la kusini, jua hupenya kwa ubavuni, na hapo pazia la marekani hutosha.

Ama kuhusu safari, mtu ninayemkumbuka kila ninapoambiwa nitulie ni mchoraji Eugène Delacroix wa Ufaransa. Alihamia nyumba ya mtaa wa Furstenberg, Paris, tarehe 28 Desemba 1857, akiwa na umri wa miaka 59 na afya iliyokwisha kudhoofika, ili awe karibu na kanisa la Saint-Sulpice alimokuwa akichora kutani, na katika bustani ya nyumba hiyo akajijengea studio. Humo alikaa hadi alipofariki Agosti 1863. Katika studio hiyo alikuwa amezungukwa na vyombo na mavazi ya Maroko, nchi aliyoikanyaga mara moja tu maishani mwake, katika mwaka 1832, alipofuatana na ujumbe wa Ufaransa uliotumwa kwa Sultani Mulai Abdurrahman. Alifika Tangier mwezi Januari, akaenda Meknes, akapitia Algiers kwa siku chache, na Julai alikuwa amekwisha kurudi kwao. Alichorudi nacho hasa ni madaftari: vichoro vya haraka vya ua, farasi, kanzu na kilemba, na kando ya kila kichoro majina ya rangi ameyaandika kwa mkono, ili jicho likisahau karatasi ikumbuke.

Kutokana na madaftari hayo ilitoka picha ya wanawake wa Algiers ya mwaka 1834, iliyoko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Ikatoka ya Sultani akitoka kasri lake Meknes, ya 1845, iliyoko Toulouse. Na katika 1860, ndani ya studio ile mpya, ikatoka ya farasi wa Kiarabu wakipigana zizini. Miezi sita ya safari ilikuwa ingali inalisha kazi baada ya miaka 28! Mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba alianza kupata kitu cha maana katika safari yake ya Afrika pale tu alipokuwa amesahau yale madogo madogo, akabakiwa na lililomgusa. Sisemi kwamba aliona yote kwa haki. Alikuwa mgeni aliyekuja nyuma ya dola iliyokwisha kuiteka Algiers miaka miwili kabla, na watu aliowaona kwa saa chache aliwafanya kuwa ndoto zake. Lakini katika jambo la kuivisha safari chumbani, sijui mwalimu aliye bora kuliko yeye.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya rangi zenyewe. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani, kwa maji kuondoka. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni ya hewani yakageuka kuwa utando mgumu, na kazi hiyo hutaka siku kadhaa kwa tabaka jembamba, na kwa tabaka nene majuma au zaidi. Kanuni ya zamani ni kwamba tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, na ukilipaka ilhali la chini bado bichi, aghalabu picha itapasuka baadaye. Basi mimi hutia tabaka za kwanza katika turubai tatu au nne, kisha hufunga mkoba. Ninapokuwa chomboni, picha zangu zinafanya kazi.

Lakini chumba huachwa kwa adabu yake, nami hili nililijua kwa hasara. Masika ya kwanza nilifunga madirisha yote, nikazigeuza turubai uso kwa ukuta, nikaondoka kwa majuma matano. Niliporudi, migongo yake ilikuwa na madoa ya kuvu ya kijivujivu, kama majivu yaliyonyunyiziwa maji, na nyeupe yote imekuwa manjano, kwa kuwa mafuta ya kitani hugeuka manjano gizani. Ule umanjano ulipungua baada ya picha kurudishwa penye nuru. Kuvu ilikwisha kula kitambaa. Siku hizi naacha hewa ipite, na picha husimama mbali na ukuta, juu ya vipande vya mbao, nyuso zake zikielekea mwangani.

Kuhusu makumbusho nitasema moja tu, kwamba atembeaye humo kama mtu apitaye sokoni hatoki na kitu. Louvre, tangu kufunguliwa kwake mwaka 1793, wachoraji wamepewa nafasi ya kukaa na kunakili, na mpaka leo nakala hairuhusiwi kuwa na kipimo kilekile cha picha ya asili, isije ikauzwa kwa hila. Na Delacroix, mtu mwenye jina kubwa, aliendelea kumnakili Rubens, mchoraji aliyemtangulia. Kunakili hulazimisha mkono kuuliza swali ambalo jicho huliruka.

Mwaka jana nilikwenda Lamu, katika nyumba ya zamani iliyofanywa makumbusho, ambamo ukuta wa chumba cha ndani umejaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu. Nilikusudia kuuchora ukuta mzima. Nilishindwa, nikakaa na kidaka kimoja tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Nuru ilitoka uani, ikapita chumba cha kwanza, ikapungua, ikafika pale imechoka. Na ule weupe niliouingia nikiujua haukuwa mweupe hata kidogo. Kwenye ukingo ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoganda, ubavuni ulikuwa kijivu chenye ubuluu, na ndani kabisa, mahali nilipotazamia weusi, palikuwa na wekundu hafifu, kwa mwanga uliorudishwa na mkeka wa sakafuni. Niliandika hayo yote kando ya kichoro.

Hapa nyumbani ilikuwa inaningoja picha ya mlango wa jirani yangu, iliyonishinda tangu Ramadhani, kwa kuwa kila nilipotia kivuli cha ndani ya ukumbi wake kilitoka kama shimo. Tabaka la chini lilikuwa limekauka barabara. Nililifungua daftari penye ukurasa wa kidaka, nikaliegemeza chini ya turubai, nikakitwaa kile cheusi nilichokwisha kukichanganya na kukirudisha pembeni, na nikatafuta wekundu.