MZINGA WA TANI 124 NA NYUMBA ZA WATU WA WARSAW

Katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia, vilivyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, Wajerumani waliunda zana nyingi za kutisha. Miongoni mwa hizo ilikuwamo mizinga ya kujiendesha yenyewe, yaani mizinga iliyopachikwa juu ya magari ya minyororo kama yale ya vifaru, isiyohitaji kuvutwa na farasi wala lori. Mkubwa kushinda yote uliitwa Karl. Jina hilo lilitokana na Jenerali Karl Becker, mtaalamu wa mizinga aliyeshughulika na uundaji wake.

Habari za mzinga huu zimeandikwa mara nyingi na watu wapendao kuhesabu tani na milimita. Ukurasa huu unasomwa na akina baba na akina mama wenye nyumba na watoto. Kwa hiyo, pamoja na kueleza jinsi zana hiyo ilivyokuwa, yafaa tutazame pia makombora yake yaliangukia wapi, na nani waliokuwa chini yake.

ULIKUSUDIWA KUVUNJA NGOME

Kabla ya vita, Ufaransa ilikuwa imejenga mpakani mwake na Ujerumani mstari wa ngome za zege na chuma ulioitwa Maginot. Wakuu wa jeshi la Ujerumani walijiuliza ni silaha gani itakayoweza kupasua kuta nene namna ile. Kiwanda cha Rheinmetall kilipewa kazi ya kutafuta jawabu, na jawabu lake likawa mzinga wenye mdomo wa upana wa sentimita 60. Mtoto mdogo angeweza kuingia ndani ya mdomo huo.

Kombora lake zito lilikuwa na uzito wa kilo 2,170. Msomaji na afikiri magunia 21 ya mahindi, kila gunia kilo mia moja, yaliyofungwa pamoja kuwa kitu kimoja na kurushwa hewani. Kombora hilo liliweza kupenya zege yenye unene wa zaidi ya mita mbili kabla ya kulipuka. Lakini kwa sababu ya uzito wake halikufika mbali: kilomita nne na kidogo tu. Baadaye yalitengenezwa makombora mepesi zaidi, na mitutu mingine ya sentimita 54 iliyofikisha kombora kilomita kumi.

Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 11 na uzito wa tani 124. Malori 17 ya tani saba, yote yakiwa yamejazwa pomoni, yasingebeba mzigo wa kutimiza uzito huo. Lilihitaji watu wapatao 21 kulihudumia. Injini yake ililisukuma mwendo usiozidi kilomita kumi kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu akimbiaye polepole.

JINSI ULIVYOFANYA KAZI

Ingawa uliitwa mzinga wa kujiendesha, Karl haukuweza kwenda mbali kwa miguu yake. Kwa safari ndefu ulining'inizwa katikati ya mabehewa mawili maalumu ya reli, kama machela ibebwayo na watu wawili. Pasipokuwa na reli, ulifunguliwa vipande vipande, ukapakiwa juu ya matrela, kisha ukaunganishwa upya kwa winchi kubwa. Injini yake ilitumika hasa kwa hatua za mwisho, kuufikisha mahali pa kupigia.

Mahali hapo nako kulikuwa na kazi. Ardhi ilisawazishwa na kuimarishwa kwanza. Mtutu haukuweza kugeuka kulia wala kushoto ila kidogo sana, kwa hiyo gari zima lilielekezwa kwenye shabaha. Kisha gari lilishushwa mpaka tumbo lake likalala ardhini, maana kishindo cha kurudi nyuma kingevunja magurudumu kama yangeachwa kubeba uzito peke yake. Makombora yaliletwa na magari mengine ya minyororo yenye winchi, kila gari likichukua makombora manne. Baada ya shughuli zote hizo, mzinga uliweza kupiga mara moja tu kwa muda wa dakika kama kumi.

Iliundwa mizinga saba tu ya aina hiyo. Tena ilichelewa. Ufaransa ilishindwa mwezi wa Juni 1940, na ngome za Maginot zilipitwa pembeni bila ya kungoja Karl. Hivyo zana iliyogharimu miaka ya kazi na chuma kingi ilikamilika wakati shughuli yake ya kwanza imekwisha kwa njia nyingine.

Majeshi ya Ujerumani yaliitafutia kazi mpya. Mwezi wa Juni 1941, yalipoivamia Urusi ya Kisovieti, mizinga miwili ilipelekwa kuipiga ngome ya Brest-Litovsk. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1942, ilipiga ngome za Sevastopol katika rasi ya Krimea. Huko angalau ilikutana na kuta za aina ile iliyokusudiwa. Shabaha ya mwaka 1944 haikuwa ngome hata kidogo.

WARSAW, AGOSTI 1944

Warsaw ni mji mkuu wa Poland. Tarehe 1 Agosti 1944, baada ya kutawaliwa na Wajerumani kwa karibu miaka mitano, wananchi wa mji huo waliinuka kupigania uhuru wao wakiongozwa na jeshi la siri la nchi, Armia Krajowa. Walitumaini kwamba mapigano yangechukua siku chache. Yalichukua siku 63.

Wapiganaji hao hawakuwa na ngome. Walikuwa na vizuizi vya mawe ya barabarani na samani, na nyumba za kawaida za ghorofa. Hata hivyo, katikati ya Agosti, mzinga mmoja wa Karl uliletwa kwa reli na kuwekwa katika bustani ya Sowiński, mtaa wa Wola, upande wa magharibi wa mji. Kutoka bustani hiyo, ambapo zamani watu walikwenda kupumzika, ulianza kuipiga mitaa ya katikati ya mji.

Tarehe 28 Agosti kombora moja liliipiga Prudential, nyumba ya ghorofa 16 iliyokuwa fahari ya Warsaw tangu mwaka 1934. Mpiga picha mmoja wa upande wa wapiganaji, Sylwester Braun, aliyekuwa juu ya paa la nyumba nyingine, aliipata picha ya mlipuko huo wakati vumbi na moshi vikipanda juu ya mnara. Picha hiyo sasa yajulikana duniani kote. Jengo lilibaki mifupa ya chuma, lakini halikuanguka. Baada ya vita lilijengwa upya likawa hoteli.

Si kila kombora lililolipuka. Makombora haya yalitengenezwa kugonga zege nene, na sakafu ya nyumba ya watu ni laini mno kwa kazi hiyo. Mojawapo lilipenya jengo la mkahawa wa Adria likatulia chini bila ya kulipuka. Wapiganaji walilifungua wakatoa baruti yake, wakaitumia kutengenezea mabomu ya mkono. Silaha ya mwenye nguvu ikawa ghala ya mnyonge.

MAISHA CHINI YA NYUMBA

Wakati huo watu wengi wa Warsaw waliishi katika vyumba vya chini ya nyumba, ambamo kabla ya vita yaliwekwa makaa na viazi. Kuta zilitobolewa baina ya nyumba na nyumba, hata mtu akaweza kupita kutoka mtaa hadi mtaa bila ya kutokeza juu. Maji ya bomba yalipokatika, visima vilichimbwa katika nyua, na kwenda kuteka kukawa kuhatarisha maisha.

Chakula kikuu kilikuwa shayiri, iliyochukuliwa mgongoni kutoka ghala za kiwanda cha bia cha Haberbusch. Ilisagwa kwa mashine za kusagia kahawa, ikapikwa uji pamoja na makapi yake. Kwa kuwa kila mlaji alilazimika kutema makapi, uji huo ulipewa jina la "plujka", kutokana na neno lao la kutema. Watoto walikua kwa uji huo, na wagonjwa walilazwa nao.

Watu wale hawakupoteza ulimi wao wa mzaha. Roketi nyingine za Wajerumani, zilizolia vibaya wakati wa kurushwa, waliziita "ng'ombe" kwa mlio wake, na wengine waliziita "kabati", kwa kuwa zilisikika kama kabati zito linaloburutwa sakafuni. Lakini chumba cha chini kilichomwokoa mtu na risasi hakikumwokoa na kombora la Karl. Mahali alipokimbilia mama na wanawe ndipo palipoweza kuwa kaburi lao.

Mapigano yalikoma tarehe 2 Oktoba 1944. Wapiganaji wapatao 16,000 walikufa, na raia waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Walionusurika walifukuzwa mjini, na Wajerumani wakaendelea kuubomoa mji nyumba kwa nyumba. Mzinga wa Karl ulikuwa sehemu ndogo tu ya maangamizi hayo. Wengi waliuawa kwa bunduki, kwa moto na kwa mabomu ya ndege.

Mwezi wa Machi 1945 Karl ulijaribu kulivunja daraja la Remagen juu ya mto Rhine, ambalo Wamarekani walikuwa wameliteka. Haukuliangusha. Miezi miwili baadaye Ujerumani ilisalimu amri. Leo hii umebaki mzinga mmoja tu, nao umehifadhiwa Kubinka, karibu na Moscow.

WAPOLAND WALIOKUWA KWETU

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mbali nasi kabisa. Wakati makombora yakianguka Warsaw, maelfu ya Wapoland, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wakiishi Afrika ya Mashariki. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki ya nchi yao mwaka 1940 na 1941, wakapitia Uajemi mwaka 1942, ndipo wakaletwa katika makambi ya Masindi na Koja nchini Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, ambako peke yake walikaa watu karibu 5,000. Kanisa walilolijenga karibu na Masindi lingalipo, na makaburi yao yako Tengeru hadi leo. Vita vilipokwisha, wengi wao hawakurudi kwao.

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Mwaka 2012, miaka 68 baada ya mapigano, wajenzi waliokuwa wakichimba katikati ya Warsaw walikuta kombora la Karl likiwa zima ardhini. Watu walihamishwa kutoka majengo ya jirani mpaka wataalamu walipoliondoa. Mtoto aliyezaliwa mwaka lilipoanguka alikuwa tayari mzee mwenye wajukuu.

Jambo hilo linatuhusu. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu vita vimepita katika mashamba na vijiji. Rwanda mwaka 2009, na Uganda mwaka 2012, zilitangaza kumaliza kazi ya kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini katika maeneo yaliyojulikana. Lakini kombora lililoanguka bila ya kulipuka halikutegwa na mtu. Hakuna aliyeandika mahali lilipo. Jembe ndilo huligundua, au mtoto achungaye mbuzi.

Kwa hiyo wazazi wawaonye watoto wao mara kwa mara. Chuma kigeni kilichoonekana shambani au mtoni kisiguswe, kisipigwe mawe, kisitupwe motoni, wala kisipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Aliyekiona arudi kwa njia ile ile aliyojia, aweke alama ya kuwazuia wengine mbali kidogo na mahali hapo, kisha atoe habari kwa mkuu wa mtaa, polisi au jeshi. Kutu haimaanishi kwamba baruti imekufa.

Waliouunda mzinga wa Karl wamekwisha kufa, na ngome waliyoikusudia haikupigwa nao kamwe. Lililobaki ardhini halijui kwamba vita vimekwisha. Sisi tunajua, na kazi ya kuwaambia watoto ni yetu.