Mbegu Bila Shamba

Msaada wa chakula huondoa njaa ya leo. Shamba hulisha mwaka kwa mwaka. Tutazame jirani zetu wa Rwanda. Baada ya mauaji ya mwaka 1994, mashirika yaligawa mbegu na majembe. Lakini wajane na yatima wa kike wengi walilima udongo usio wao, kwani kwa desturi urithi wa ardhi ulikuwa wa wana wa kiume. Sheria ya mwaka 1999 ikaamuru watoto wote wa ndoa halali warithi sawasawa. Ndivyo Musa, kwa agizo la Mungu, alivyowapa binti watano wa Selofehadi fungu la baba yao. Basi, sisi tunaogawa mbegu parokiani, tuulize kwanza: mama huyu atazipanda wapi?