Gari bandarini: wakala hufanya kazi, mwagizaji hubeba dhamana

Anayeagiza Toyota IST au RAV4 iliyotumika kutoka Japani huanza hesabu kwa bei ya gari na nauli ya meli. Hesabu nzito zaidi humsubiri Dar es Salaam. Chukua gari dogo la abiria la cc 1,500, lenye zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe, lililothaminiwa shilingi milioni 10 pamoja na bima na nauli. Litalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, ushuru wa uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Kodi hizo nne pekee hufika takriban shilingi milioni 9.9. Tozo nyingine, gharama za bandari na ujira wa wakala bado hazijaguswa.

Thamani inayotozwa kodi hutoka kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wa kuthamini magari yaliyotumika, hivyo huweza kutofautiana na ankara ya muuzaji. Kikokotoo kipo wazi kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Mnunuzi anaweza kupima gharama yake kabla ya kutuma hata senti moja Yokohama au Nagoya, na umri wa gari ndio jambo la kwanza la kuangalia. Kenya hukataa magari yaliyozidi miaka 8. Tanzania huyapokea, lakini hutoza asilimia 15 ya uchakavu kwa gari la abiria la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi hapo. Gari jipya kidogo lenye bei kubwa kule Japani linaweza kugeuka nafuu likifika hapa.

Baada ya hesabu hiyo ndipo wakala wa forodha anapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamtaka awe na leseni. Hupokea hati ya shehena, ankara, cheti cha kufutwa kwa usajili wa Japani na TIN ya mteja, kisha huwasilisha tamko la forodha kwa njia ya mtandao. Kodi ikishakadiriwa, hutoka kontroo namba ya malipo. Hufuata kibali cha wakala wa meli cha kukabidhi mzigo, malipo ya bandari, ruhusa ya forodha na kibali cha kutoka getini. Wakala hodari huanza kazi hii meli ikiwa bado baharini, kwa sababu siku za bure zikiisha, gari huanza kudaiwa gharama ya kuhifadhiwa.

Miundombinu imeboreshwa. Mradi wa upanuzi wa bandari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulileta gati la meli za magari upande wa Gerezani, na mkataba wa Oktoba 2023 uliikabidhi DP World ya Dubai uendeshaji wa sehemu ya bandari. Hata hivyo, gari lililoshushwa upesi halitoki getini ikiwa nyaraka zina kasoro au fedha za kodi zimekwama mfukoni mwa mtu.

Hapo ndipo vishoka hupata riziki. Hukaa karibu na ofisi za mawakala, hutaja kiasi kimoja cha jumla, hupokea fedha zote na kuahidi gari baada ya siku chache. Mteja hajui ni kiasi gani kimekwenda TRA na kiasi gani kimebaki njiani. Wapo pia wanaoshawishi tamko la uongo ili kodi ipungue. Mwagizaji asijidanganye kwamba kosa hilo litakuwa la wakala peke yake: sheria ile ile ya forodha ya 2004 humfanya mwenye mzigo awajibike kwa matamko ya wakala aliyemteua.

Kwa mfanyabiashara anayepeleka gari Zambia au Kongo, dhamana ni kubwa zaidi. Gari la mpito husafiri chini ya bondi ya forodha, na bondi hufungwa pale tu inapothibitishwa kwamba gari limevuka mpaka. Likiuzwa kwa siri mjini, anayeshikilia bondi hudaiwa kodi yote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tenga fedha katika mafungu matatu: kodi za serikali, gharama za meli na bandari, na ujira wa wakala. Kodi ilipe mwenyewe kwa kontroo namba, benki au kwa simu. Gharama za bandari na meli zidai kwa ankara zenye majina ya taasisi husika. Ujira wa wakala ukubaliwe kwa maandishi kabla ya kazi, na leseni yake ihakikiwe TRA. Wakala mwaminifu hatachukizwa na masharti haya, kwa kuwa yanamlinda yeye pia. Anayekataa kuyapokea asipewe nyaraka zako.