Mbunifu wa Mavazi na Soko Lake: Funzo kwa Vyama vya Mafundi Cherehani

Fundi cherehani na mbunifu wa mavazi hutumia mkasi wa aina moja, lakini kazi zao zatofautiana. Fundi hushona alichoagizwa na mteja. Mbunifu hutoa mtindo wake mwenyewe, huutia jina lake, na hubeba hasara iwapo mtindo huo utakataliwa sokoni. Kasanda, na katika masoko ya Kibondo na Kasulu, mafundi wako wengi na vitenge havikosekani. Wabunifu ndio haba. Kwa sababu hiyo yafaa wanachama wafahamu jinsi mbunifu anavyokua.

Mfano ulio karibu ni Ndugu Mustafa Hassanali wa Dar es Salaam. Alisomea udaktari wa binadamu, kisha akachagua ubunifu wa mavazi kuwa kazi yake. Baada ya kujenga jina lake, alitambua kwamba kipaji cha mtu mmoja hakiwezi kuzaa soko. Mwaka 2008 alianzisha Swahili Fashion Week, maonyesho ya mavazi ya kila mwaka jijini humo, ambapo wabunifu wa Afrika Mashariki huonyesha kazi zao pamoja, na wabunifu chipukizi hupewa nafasi ya kushindana. Mwaka huohuo Ndugu Anisa Mpungwe, Mtanzania aliyefanya kazi zake Johannesburg kwa jina la Loin Cloth & Ashes, alishinda tuzo ya vipaji vipya ya jarida la Elle nchini Afrika Kusini. Hivyo kazi yake ilijulikana kwa watu ambao asingeweza kuwafikia kwa kukaa dukani tu.

Funzo la mifano hiyo miwili ni moja: mbunifu hukua pale anapopata mahali pa kuonekana na kupimwa na wengine. Mahali hapo huweza kujengwa na chama.

Hata hivyo, sifa bila hesabu ni bure. Tuseme gauni limetumia kitenge cha shilingi 15,000, uzi na zipu za shilingi 2,000, na kazi ya siku moja ya shilingi 8,000. Gharama ni shilingi 25,000, kabla ya kuhesabu uchakavu wa cherehani. Fundi akiliuza kwa shilingi 22,000 kwa kuogopa ushindani wa mitumba, amepunja ujira wake shilingi 3,000. Kijana anayefanya hivyo mwaka mzima huishia kuuza cherehani yake.

Chama cha mafundi chaweza kuzuia hasara hiyo kwa njia nne. Kwanza, kununua vitambaa kwa jora, kwa bei ya jumla. Pili, kukubaliana bei ya chini ambayo mwanachama hatauza chini yake. Tatu, kushona kitambulisho cha chama na jina la aliyebuni katika kila vazi. Nne, kuandaa maonyesho siku ya gulio, na kuomba kwa pamoja kazi ya sare za shule.

Makatibu wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda za mikutano yao. Wasioelewa taratibu za kuandikisha kikundi cha mafundi chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 wamwone Afisa Ushirika wa Wilaya. Kipaji ni cha mtu mmoja. Soko ni la wote.