Mahali na Idadi ya Watu wa Kijiji: Mfano wa Nyangwe

Katika kazi nyingi za mwisho wa masomo zihusuzo Kiswahili cha vijijini, sura ya kwanza hutaja mahali kijiji kilipo na hesabu ya wakazi wake. Mara nyingi kurasa hizo huandikwa kwa haraka, kama desturi tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Nyangwe, kwamba hoja nzima ya mtafiti yaweza kuharibika katika kurasa hizo.

Tuanze na mahali. Nyangwe iko kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba, katika teritwari ya Kasongo, jimbo la Maniema. Maelezo hayo yana sehemu mbili zisizo na uimara mmoja. Mto haubadiliki upesi, bali mipaka ya utawala hubadilika: Maniema yenyewe ilikuwa sehemu ya Kivu hadi mwaka 1988. Tena, enzi za ukoloni vijiji vingi vya Kongo vilihamishwa na kupangwa kandokando ya barabara. Jina likabaki, mahali pakawa pengine. Hivyo yafaa mtafiti ataje mto na ukingo wake, kisha utawala pamoja na mwaka.

Idadi ya watu ina mitego zaidi. Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871, alikadiria kuwa watu 1,500 hivi walikuwapo sokoni tarehe 15 Julai, siku ambayo watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi na mamia wakafa. Hinde, daktari katika jeshi la Dola Huru la Kongo lililoutwaa mji huo mwaka 1893, aliutaja kuwa na wakazi 30,000 hivi. Je, Nyangwe ilikua mara ishirini kwa miaka ishirini na miwili? Hesabu hizo hazituruhusu kusema hivyo. Ya kwanza ni ya watu wa soko, wengi wao wanawake waliotoka vijiji vya kingo zote mbili. Ya pili ni ya mji uliokuwa vitani, kwa macho ya mshindi. Ya kwanza haihesabu wakazi. Ya pili ni kadirio.

Jambo hili linaigusa taaluma yetu. Nyangwe na Kasongo huhesabiwa miongoni mwa vituo ambako Kiswahili kilienea Kongo ya mashariki. Anayewachukua watu wote 30,000 kuwa wasemaji wa Kiswahili ataeleza uenezi huo kwa wingi wa wageni. Anayelitazama soko ataona watu wenye lugha zao, wakiwamo Wagenya wa mtoni, waliohitaji lugha ya kuuziana na kununuliana. Historia mbili tofauti zazaliwa na tarakimu mbili.

Na leo? Sensa kuu ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, ilipoitwa Zaire. Hesabu zilizofuata zina makusudi yake: karani wa sekta huandika wakazi kwa ajili ya utawala; muuguzi wa kituo cha afya huhesabu kwa ajili ya chanjo; orodha ya uchaguzi huwataja wapiga kura, na watoto hawamo. Kila moja yafaa kwa kazi yake, lakini hakuna inayohesabu wasemaji wa lugha fulani.

Basi, mwanafunzi aandikapo idadi ya watu wa kijiji, na aseme ni nani aliyehesabu, mwaka gani, kwa kusudi gani, na nani waliachwa nje. Kisha apite mwenyewe nyumba kwa nyumba, aulize ni lugha gani huzungumzwa jikoni, shambani na sokoni. Nyumba arobaini zilizoulizwa vema zitamfaa kuliko maelfu yaliyonakiliwa bila asili yake kujulikana.