Gari Halivuti na Linakunywa Mafuta: Kabureta Iwe ya Mwisho Kushtakiwa

Maswali ya wenye Corolla za miaka ya 80, Datsun 1200 na Peugeot 504 yamerundikana, na karibu yote yanalalamikia jambo moja. Mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu sasa unadai ya pili, na petroli ya wiki haifiki Alhamisi. Wengi wanaongeza kwamba fundi ameshaifungua kabureta, akaiosha, akaifunga, na hali ni ileile au imezidi kuwa mbaya.

Jambo hili ni la ukurasa wa afya. Petroli ikikosa hewa ya kutosha haiungui yote, na sehemu yake hutoka kwenye ekzosi ikiwa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mengi ya magari haya hayana katalisti ya kuipunguza. Moshi mweusi unaomtia dereva hasara ndio huo huo unaovutwa na mama anayekaanga mihogo kando ya barabara.

Ili kujua pa kuanzia, lazima ueleweke ujanja wa kabureta, na ni ujanja wa ajabu. Pistoni ikishuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita kwenye koo la kabureta lililobanwa katikati. Pale palipobanwa huongeza kasi, na ikiongeza kasi shinikizo lake hushuka. Daniel Bernoulli alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1738, na Giovanni Battista Venturi akachapisha majaribio yake mwaka 1797. Shinikizo la kawaida lililoko kwenye bakuli la petroli huyasukuma mafuta yapite kwenye jeti na kuingia kooni. Injini inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, na kipimo hicho hufanywa bila kompyuta wala waya, kwa mvuto peke yake.

Udhaifu wake uko hapo hapo: kabureta haijui uzito wa hewa. Chukua gari lililorekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, ulipeleke Nairobi, karibu mita 1,800 juu. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 16. Injini inameza ujazo uleule, lakini uzito wa hewa umepungua kwa asilimia 16, na mvuto kooni nao umepungua kiasi hicho hicho. Petroli haipungui hivyo, kwa sababu mtiririko wake hufuata kipeuo cha pili cha mvuto, kwa hiyo hupungua kwa asilimia 8 tu. Mchanganyiko unakuwa mzito kwa karibu asilimia 9. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa nyepesi hairudishwi na fundi yeyote, kwani huo si ugonjwa. Petroli ya ziada ndiyo inayorekebishika, kwa jeti ndogo zaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya nyanda za juu.

Basi chochote kinachoharibu mvuto huidanganya kabureta: ringi zilizolika, valvu zisizofunga, gasketi ya manifoldi inayopitisha hewa, chujio la hewa lililoziba vumbi. Ndiyo maana kuanza na kabureta ni kupoteza fedha. Fungua plagi kwanza. Rangi ya kahawia hafifu ni salama. Masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi au cheche dhaifu. Weupe ni petroli pungufu. Mafuta ya injini yaliyolowanisha plagi ni ringi au sili za valvu. Kisha pima kompresheni ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, hakuna kabureta itakayoiponya.

Kisha twende kwenye cheche, hasa kile kidude cha mviringo kilichobanwa ubavuni mwa distributa, chenye mpira mwembamba ndani. Gari likitembea kwa mguu mwepesi, mchanganyiko ni mwembamba na huungua polepole, kwa hiyo cheche inatakiwa kuwahi. Mpira ule huvutwa na injini na kuiwahisha. Ukipasuka, injini inaweza kunguruma vizuri gari likiwa limesimama, lakini safarini inakula mafuta. Chomoa paipu yake uvute hewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mvuto usiposhika, mpira umekwisha.

Inua pia magurudumu uyazungushe, maana breki inayoshika hula petroli na hakuna atakayeishuku.

Sasa niseme kuhusu thamostati. Kuna mafundi wanaoing'oa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo ni uongo mtupu. Injini isiyofikia joto lake huacha petroli ikigandamana kwenye kuta za manifoldi, na choki ya kujiendesha inayotegemea joto la maji huchelewa kufunguka. Mwenye gari analipia utaalamu huo kila akifika kituo cha mafuta. Wapo pia wanaochokoa jeti kwa waya. Tundu la milimita 1 likipanuka hadi 1.1, eneo lake limeongezeka kwa asilimia 21, na shaba haijirudi. Wauza sumaku za kufunga kwenye paipu ya petroli na vidonge vya kutia tangini wasikaribishwe kabisa: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote. Mafuta ya taa ndani ya petroli huifanya injini igonge na huosha mafuta kwenye kuta za silinda.

Plagi, kompresheni, cheche na breki zikiwa sawa, ndipo kabureta ifunguliwe: choki ifunguke yote injini ikipata moto, boya lisiwe limeingia petroli, sindano ya boya ifunge kabisa. Jeti zipulizwe kwa kompresa, macho yakiwa yamekingwa. Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

Na petroli isivutwe kwa mdomo. Tone dogo likiingia kwenye mapafu huweza kusababisha homa kali ya mapafu, na hatari hiyo huongezeka mtu akitapishwa. Aliyeimeza asitapishwe, asinyweshwe maziwa wala mafuta ya kupikia. Akikohoa au kuhema kwa shida apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.